Katika Barua Ile Mtumwa Hasemi Neno

Baba alipoanza kupoteza macho, hakulalamika kwamba haioni njia ya kwenda kwa ng'ombe. Alilalamika kwamba hawezi kusoma. Daktari wa macho pale Kericho alituambia ni presha ya macho, imekuwa ikimla polepole kwa miaka, na kilichopotea hakirudi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu zake zote, na tulipokuwa tukishuka ngazi za hospitali, mkono wake begani mwangu, akaniuliza, "Sasa nani atanisomea?"

Nikamwambia nitamsomea mimi.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha somo la dini katika shule ya sekondari ya kutwa, na Jumamosi huwa sina darasa. Tangu wakati huo nimekuwa nikienda Kiptere kila Jumamosi, kwenye kishamba alichonunua Baba alipostaafu. Anaishi hapo na dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayewatunza ng'ombe na kuchuma chai kidogo tuliyo nayo. Mama alishatutoka. Nyumba ni ya mabati, sebule ina viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma Mama, na dirisha moja kubwa linaloingiza jua la asubuhi kabla mvua ya alasiri haijaja. Baba hukaa karibu na dirisha hilo. Haoni jua lenyewe lakini anapenda likimgusa uso.

Tulikubaliana tuanze Agano Jipya mwanzo, sura baada ya sura, bila kuruka. Hilo la kutoruka alilitaka yeye. Alisema wahubiri wote wanaruka, na yeye mwenyewe ameruka maisha yake yote, sasa anataka kusikia kila kitu. Injili zilikwenda vizuri. Nikisoma, midomo yake ilikuwa ikinitangulia, maana mengi anayajua kwa moyo, na mahali pengine alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni. Dada yangu alikuwa akipita na ndoo ya maziwa au na kuni, anasimama kidogo mlangoni, kisha anaendelea na kazi zake.

Tulipoingia katika barua za mitume ndipo mimi nilipoanza kusoma polepole.

Wazazi wangu walitoka magharibi, kando ya ziwa, wakiwa vijana, wakaja kutafuta kazi katika shamba kubwa la chai upande wa Kimulot, karibu na msitu. Mama alichuma majani. Baba alianza kwa kupakua magunia kiwandani, na miaka mingi baadaye akamaliza akiwa msimamizi wa chumba cha kukaushia. Tulizaliwa kwenye laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga ubavu kwa ubavu, na nguo zetu zote zilinuka majani mabichi yanayonyauka. Jumapili Baba alikuwa mtu mwingine. Alivaa suti ya kijivu, akachukua Kitabu chake, akaenda kwenye kanisa la mabati lililokuwa mwisho wa laini, ambako alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa na sauti. Akisoma, hata watoto waliacha kusukumana.

Katika Kiswahili tulichoimbia hapo, Mungu alikuwa Bwana. Meneja wa shamba naye alikuwa bwana mkubwa. Mume wa jirani alikuwa bwana wa jirani. Na ndani ya Maandiko, mtu anayemiliki watu wengine na kuwatuma kama punda, yeye pia ni bwana. Nikiwa mdogo nilidhani ni mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Nilikuwa nikimwonea huruma, nikifikiri anachoka. Nilipokua nikaelewa kwamba ni watu mbalimbali, lakini nadhani kuna kitu ndani yangu hakikuelewa kabisa, na nadhani hata wakubwa wengi pale kanisani hawakuelewa. Neno likiwa moja, ni rahisi utiifu wa mmoja kuhamia kwa mwingine bila mtu kuona.

Basi Jumamosi moja tulifika mahali ambapo mtume anawaandikia watu wa nyumbani. Anawaambia wake wawatii waume, watoto wawatii wazazi, na pumzi hiyo hiyo watumwa wawatii mabwana zao. Nilisoma bila kuongeza lolote. Baba akainua mkono.

"Ngoja hapo," akasema. "Hiyo mahali niliwahi kuitafsiri."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nilikuwa sijazaliwa. Wachumaji walikuwa wameweka vikapu chini, hawataki kuingia shambani mpaka wasikilizwe. Jumapili ile akaletwa mhubiri mgeni, asiyejua Kiswahili, na Baba akaitwa awe mkalimani kwa sababu alijua Kiingereza cha kiwandani. Mhubiri akachagua mistari hiyo.

"Yeye kwa Kiingereza chake alikuwa anasema watu wa kazi," Baba akasema. "Watumishi, hivi. Mimi nikaona si vizuri kutafsiri Neno la Mungu kwa kichwa changu, nikafungua Kitabu chetu nisome mstari wenyewe. Kwetu imeandikwa watumwa. Nikasoma watumwa."

"Watu wakafanya nini?"

"Waliangaliana. Halafu mama mmoja, mchumaji, alikuwa ameketi huko nyuma na mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti: Mzee, watumwa ni sisi?"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwangalia mhubiri. Yeye hakuwa ameelewa swali. Nikaendelea tu." Akapapasa ukingo wa kiti. "Miaka yote nilifikiri shida ilikuwa tafsiri. Kwamba Kiswahili kimekosea, kimeweka neno kali."

Nilimwambia kwamba Kiswahili hakikukosea. Neno aliloandika mtume lilikuwa la mtu aliyenunuliwa, na ile lugha nyingine ndiyo iliyolilainisha. Nikamweleza pia ninayoyajua kutokana na kazi yangu: kwamba ng'ambo, ambako watu wetu walipelekwa kwa minyororo, wenye kuwanunua walisomewa mistari hii kanisani, na walionunuliwa wakasomewa hiyo hiyo, wakaambiwa kuwa ndiyo Habari Njema yao. Nikamweleza kwamba msichana mmoja darasani kwangu aliwahi kuuliza kwa nini mtume anawaambia watumwa watii, badala ya kuwaambia mabwana wawaache huru. Jibu nililompa lilitosha mtihani. Mimi halikunitosha.

Baba alipapasa kikombe chake kikiwa kitupu. Alitaka chai.

Niliporudi nyumbani kwangu jioni hiyo nilikuwa na wasiwasi, maana nilijua barua gani inakuja mbele. Ni barua fupi, haifiki kurasa mbili, mtu anaweza kuifunua na kuipita bila kujua ameipita. Lakini nyumbani kwetu barua hiyo ilikuwa na historia.

Nilikuwa bado sekondari dada yangu alipoolewa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kubeba majani, mrefu, mcheshi, kiongozi wa nyimbo, na alikuwa amejenga Sigowet. Harusi ilikuwa nzuri. Hata mwaka haujapita, dada akaja nyumbani kwenye laini wakati wa mvua ya mawe, kichwa amekifunika kwa karatasi ya nailoni, na mkoba mmoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata hatukusikiana. Aliketi, akavua kitambaa, na sisi wote tukaona jicho lake.

Baba hakumkaripia. Hilo ni lazima niliseme, kwa sababu watu wanaposikia kisa hiki hudhani alikuwa mkali. Alimpa shuka lake mwenyewe ajifunike. Alimwambia Mama achemshe maziwa. Akangoja mpaka mvua ikatulia, kisha akachukua Kitabu akasoma ile barua fupi, yote, kwa ile sauti yake.

Ni barua ya mtume mzee, aliye kifungoni, akimwandikia rafiki yake tajiri. Mtumwa wa huyo rafiki alikuwa ametoroka na akamfikia mtume huko huko gerezani, akawa kama mwanawe. Sasa mtume anamrudisha. Anamwomba bwana wake ampokee vizuri, kama ndugu, si kama mtumwa tu, na kama kuna hasara yoyote mtume atailipa yeye. Ni maneno ya upendo mtupu. Baba alipomaliza, alikuwa na machozi.

"Unaona mwanangu," akamwambia dada, "huyu alikubali kurudi. Na mimi nitakwenda na wewe mpaka mlangoni, niongee na bwana yako kama mtume alivyoongea. Atakupokea kama ndugu katika imani."

Kesho yake walikwenda pamoja. Baba alivaa ile suti. Aliongea, shemeji akapiga magoti, wakaomba, wakanywa soda. Baba akarudi akiwa na furaha, akatuhadithia jinsi Neno linavyofanya kazi.

Dada yangu alikaa huko miaka. Alipotoka mara ya pili hakuja kwetu, alikwenda kwa rafiki yake mmoja Kericho akauza mboga, na tulipata habari baadaye. Sikio lake la kushoto halisikii. Hakutuambia lilipotea siku gani na hatukuuliza. Mama alipokufa na Baba akabaki peke yake Kiptere, dada ndiye aliyekuja kukaa naye. Hakuna aliyemwita. Alifika na mzigo wake, akaangalia ng'ombe, akasema wamelishwa vibaya, akabaki.

Kwa hiyo tulipoifikia barua ile, mimi nilitamani Baba awe amesinzia. Hakusinzia. Nikasoma. Sauti yangu si kama yake, mimi husoma kama mwalimu, na safari hii nilisoma wazi kabisa bila mapambo. Nilipomaliza, akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Huyo mtumwa," Baba akasema, "anasema nini?"

"Hasemi kitu, Baba."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia, ingawa nilijua. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Mtume anasema juu ya gereza lake, juu ya upendo wake, juu ya bwana, juu ya kanisa linalokutana nyumbani kwa bwana, juu ya chumba cha wageni anachotaka atayarishiwe. Anacheza hata na jina la mtumwa, ambalo kwa lugha yao maana yake ni mtu wa kufaa, anasema zamani hakufaa na sasa anafaa. Yeye mwenyewe, mtu wa kufaa, hana neno hata moja.

"Hakuna pahali anasema," nikamwambia.

"Kwa nini alitoroka?"

"Haijaandikwa."

"Alipofika, ilikuwaje?"

"Haijaandikwa, Baba. Tunajua barua ilifika, maana tunayo. Yeye hatujui."

Baba akakaa na mikono magotini. "Nimehubiri hiyo barua mpaka watu wakalia," akasema. "Nimeihubiri kwa harusi. Nikasema alikubali kurudi. Nani aliniambia alikubali?"

Wakati huo dada alikuwa ameingia kuchukua sufuria. Alisimama katikati ya sebule, amegeuza kichwa kidogo kama anavyofanya ili sikio lile zima lielekee mtu anayesema. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Nikaona ni wakati wa mimi kusema kitu, na nikasema kile ninachokijua. Nikasema barua hii imetumika vibaya sana. Waliokuwa wakiwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha waliibeba kama kibali, wakasema hata mtume alirudisha. Ingawa wengine nao walisoma maneno hayo hayo, lile la kumpokea kama ndugu, wakaona kwamba mtu huwezi kumwita ndugu na kumfunga kamba. Nikasema tusimwangalie msomaji mmoja tu, tuangalie maandishi yenyewe na yalivyokaa karne hizo zote mikononi mwa wenye nguvu.

Nilikuwa naongea vizuri. Dada akanikatiza.

"Wacha hiyo maneno ya karne," akasema, bila hasira. Kisha akamgeukia Baba. "Mimi sikurudishwa na Kitabu, Baba. Kitabu hakina miguu. Nilirudishwa na wewe."

Akachukua sufuria yake akatoka.

Baba hakulia, hakuomba, hakunyanyua uso. Akasema, "Ni kweli," akisema na dirisha, na akaniambia basi kwa leo inatosha.

Nimefikiri sana juu ya maneno ya dada. Mwanzoni niliyaona kama yanakanusha yote niliyosema, kana kwamba anasema Maandiko hayana hatia, watu ndio wenye hatia. Siku hizi nafikiri vingine. Baba hakuwa mtu mbaya aliyetafuta kisingizio. Kama angekuwa na maneno yake mwenyewe tu siku ile, mbele ya jicho lile lililovimba, nadhani asingeweza kumwambia mwanawe arudi. Angeshindwa. Ile barua ilimpa namna ya kusema jambo gumu kwa utamu mpaka yeye mwenyewe akaliona ni upendo. Hapo ndipo ninapoilaumu. Lakini dada ana haki ya kukataa lawama ihamie kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haiwezi kumwomba msamaha.

Juma lililofuata nilipofika, dada alikuwa kwenye banda anakamua. Akaniambia, bila kuacha kukamua, kwamba Baba alikuja hapo. Alitoka nyumbani peke yake, akishika ukuta, kisha ua, kisha nguzo za banda, mpaka akamkuta. Gambuti, vile viatu vya mpira vya matopeni, alizivaa kinyume, ya kulia mguu wa kushoto. Akasimama upande wa sikio lake bovu akasema alichotaka kusema, na dada ikabidi amwambie, "Baba, pita upande huu, sijasikia." Akazunguka ng'ombe kwa kupapasa, akasema tena.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema alichotakiwa kusema."

Sikumuuliza yeye alijibu nini. Alikuwa anacheka kidogo juu ya zile gambuti, na macho yake yalikuwa mekundu, na ng'ombe alikuwa akipiga mkia.

Ningeweza kuishia hapo kama jambo lingeishia ndani ya familia yetu. Lakini miezi michache baadaye mke wa mwalimu wa kwaya alirudi kwa wazazi wake, ambao ni majirani zetu, wenyeji wa Kiptere. Ni msichana mpole, fundi wa kushona, ana mtoto mmoja mdogo. Hakueleza mengi, na hakuhitaji, kwa sababu alikuwa amefunga mkono kwa leso. Kanisa likaamua kuwasuluhisha. Na kwa kuwa Baba ndiye mzee kuliko wazee wote, na hawezi tena kwenda mbali, mkutano ukawekwa sebuleni kwetu, Jumamosi.

Walikuja pasta wetu, mtu wa makamo, mwenye bidii; baba na mama wa msichana; mume wake; na msichana mwenyewe, aliyeketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango na mtoto mapajani. Dada alileta chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha, kisha, kinyume na desturi yake, akavuta kigoda akaketi. Pasta aliomba. Kisha akasema anamwachia Mzee afungue kwa Neno.

Baba akaniambia nisome ile barua.

Niliona pasta akitabasamu. Aliijua hotuba ya Baba juu ya barua ile, pengine aliisikia akiwa kijana. Mume wa msichana naye akalegea mabega. Nikasoma mpaka mwisho, ingawa Baba hakuwa ameniambia anataka kufanya nini.

Baba akageuza uso kuelekea mlangoni, ambako alisikia mtoto akilialia.

"Mama," akamwambia msichana, kwa heshima, "katika hii barua wote wameulizwa isipokuwa mwenye safari. Sasa nakuuliza wewe. Unataka nini?"

Msichana alimwangalia pasta. Kisha akawaangalia wazazi wake. "Mimi?" akasema.

"Wewe."

Tulikuwa tukingoja aseme nataka kurudi, au sitaki kurudi. Mimi nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akasema, "Nataka cherehani yangu."

Mama yake akashtuka kama mtu aliyeaibishwa. Mume akasema cherehani iko tu, hakuna aliyeikataza, arudi aikute. Pasta akakohoa.

"Cherehani ni jambo dogo, dada yetu," akasema. "Tumekuja kwa ajili ya ndoa."

"Kwangu si dogo," msichana akasema. "Nikiwa na cherehani yangu naweza kufikiri. Bila hiyo mtanipeleka popote mnapotaka."

Pasta akamgeukia Baba, akachagua maneno. "Mzee, na Maandiko tumesoma. Mtume alimrudisha."

"Alimrudisha," Baba akasema. "Na hatujui kilichompata."

"Kwa hiyo Mzee anasema mtume alikosea?"

Nilimwona Baba akitafuta jibu. Anakipenda Kitabu kile kuliko kitu chochote alicho nacho, na swali lilikuwa limemgusa hapo hapo. "Mtume alikuwa gerezani," akasema mwishowe. "Hangeweza kwenda kuona. Mimi nilikuwa huru. Nilimpeleka mtoto wangu mpaka mlangoni, nikanywa soda, na sikurudi kuona."

Hakuna aliyeuliza ni mtoto gani. Dada alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda, ameshika birika, anamwangalia pasta usoni.

Mkutano haukufika popote baada ya hapo. Mume alisimama akasema ameitwa kwa amani na sasa anahukumiwa. Baba wa msichana alinung'unika kwamba wageni wanavuruga mila, kisha akakumbuka yuko kwenye nyumba ya hao wageni, ambao wamekuwa majirani zake muda mrefu, akaomba radhi. Pasta alifunga kwa maombi mafupi. Lakini kabla hawajatawanyika dada yangu alikuwa ameshampigia simu jirani mwenye pikapu, na alasiri hiyo, katika mvua, yeye na mama wa msichana walikwenda wakaileta cherehani, wameifunika kwa turubai, pamoja na nguo za mtoto. Mama huyo, aliyekuwa ameona aibu asubuhi, ndiye aliyeishika isianguke njia nzima.

Mambo hayakuwa mepesi. Kwaya iligawanyika kidogo. Kuna waliosema mimi nimemharibu Mzee kwa masomo yangu, kwamba kipofu anaamini chochote anachosomewa. Hilo lilimchekesha Baba na likamuumiza pia. Hakuitwa kutoa baraka kanisani kwa muda mrefu. Msichana alikodi kibanda sokoni Kiptere, anashona sare za shule, na mume wake huja Jumapili kumwona mtoto, wanakaa nje kwenye benchi watu wakiwaona. Atarudi au hatarudi, sijui. Nilipomuuliza aliniambia bado anafikiri, na akaendelea kukanyaga cherehani.

Pasta alikuja peke yake mwezi uliopita. Alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, akaketi mkabala na Baba. Alisema haraka, kama mtu aliyejifunza maneno njiani, kwamba haoni sawa Maandiko yasomwe kama kesi kortini. Kwamba watu wake wengi hawana kitu kingine cha kushikilia, na ukiwaonyesha ufa mmoja watadhani nyumba yote inaanguka.

"Mimi sijatoka kwa nyumba," Baba akamwambia. "Niko ndani. Ndiyo sababu naona ufa."

"Na mtu asiyejua kutofautisha ufa na mlango?"

Baba alikiri hajui. Akasema hilo pia linamnyima raha, kwamba kuna usiku anaogopa amefika mwisho wa maisha na kuanza kubishana na kilichomlea. Pasta akasogeza kiti chake karibu. Nadhani alikuja akitarajia mzee mkaidi. Wakaongea juu ya mengine, juu ya mashine za kuchuma chai zilizowatoa watu kazini huko mashambani, juu ya familia zinazorudi kando ya ziwa ambako hakuna anayezijua tena. Kisha wakarudi kwenye barua, wakabishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mimi nilikuwa nikisahihisha karatasi za wanafunzi mezani na sikuingilia.

Alipotaka kuondoka waliomba pamoja. Baba aliomba kwanza, pasta akafuata, na nilisikia kila mmoja akimwombea mwingine aone vizuri. Dada alimpa pasta fimbo ya kutembelea kwenye utelezi, akamwambia airudishe Jumapili. Aliirudisha.